Nimekaa na vegan semesta nzima kwa data ya mikoko, maoni yangu haya hapa

Wadogo zangu wa chuo kila wiki waniuliza ile data yangu ya mikoko niliichambuaje na nani alinifanyia. Hakuna aliyenifanyia. Yani yuko aliyenifanyia mara ya kwanza na nikamlipa pesa zangu, na hilo ntalieleza, lakini kazi iliyosimama niliifanya mwenyewe kwa vegan, kwa hivyo leo nasema yote mara moja.

vegan ni pakeji ya R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu. Jina ni ufupisho wa "uchambuzi wa uoto" kwa Kiingereza, halihusiani na watu wasiokula nyama. Imetengenezwa na Jari Oksanen wa Finland na wenzake, na ni ya bure, bure kabisa, hakuna laiseni ya kulipa kila mwaka hakuna siku 30 za majaribio. R yenyewe nayo ya bure, ilianzia New Zealand kwa Ross Ihaka na Robert Gentleman na toleo lake la 1.0.0 likatoka mwaka 2000. Unafungua R, unaandika install.packages("vegan"), bando linaliwa kidogo, halafu library(vegan) basi ushaanza. Na ukishaiweka haitaki intaneti tena, jambo ambalo kwa sisi ni kubwa, manake mie nimefanya kazi usiku stima imepotea mtaa mzima na laptopu ina chaji ya saa moja, na ikanitosha. Laptopu yenyewe ni kuukuu.

Sasa kabla ya kusifu wala kulaumu lazima mjue data yangu ikoje, manake programu ya takwimu huwezi kuisema nzuri au mbaya hewani.

Tulifanya kazi ufuo wa Mikindani, mkono wa bahari wa Tudor, Mombasa. Transekti 6, yani mistari ya kupimia, kila moja inaanza kwenye maji na kupanda mpaka nchi kavu, 3 upande unaokatwa sana na 3 upande unaolindwa na kundi la kupanda mikoko. Kila transekti ploti 6 za mita 10 kwa 10, jumla 36. Twatoka na maji ya kupwa siku za bamvua, matope yakufika magotini, kila mti wahesabiwa na kupimwa unene, na visiki pia. Kenya ina aina 9 za mikoko, sisi tulizipata mlilana, mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu na mkomafi mmoja mmoja. Mwisho wa kazi una jedwali, safu za mlalo ni ploti, nguzo za wima ni aina za miti, na ukilitazama utaona sifuri, sifuri, sifuri, 14, sifuri, 3, sifuri. Nusu ya jedwali na zaidi ni sifuri. Hiyo si kasoro, ndo msitu ulivyo, mlilana haukai penye mchu wa juu na mkandaa hauingii kwenye maji marefu.

Mie wakati huo naogopa hesabu. Nikapeleka jedwali langu afisi moja mjini, hawa wanaochapa na kuchambua data za wanafunzi, jina silitaji. Nikalipa elfu 12, siku tatu nikapewa PDF yenye picha ya rangi na thamani ya p, ile ya kupima kama jibu ni bahati tu, imeandikwa 0.000. Nikafurahi sana siku ile.

Aliyenitoa usingizini ni mzee wetu wa lile kundi la mikoko. Nilimpelekea picha kumuonyesha kazi imefika wapi, tumekaa nje kwake na kahawa, nikamueleza kila nukta ni ploti na nukta zilizo karibu ndo ploti zenye miti inayofanana. Picha yenyewe imejikunja kama mwezi mwandamo, zile ncha mbili zimeinama zinakaribiana. Mzee akaitazama akaweka kidole kwenye ncha moja, "hii wapi?" nikamwambia hizo ploti za mlilana, za majini. Akaweka kingine kwenye ncha ya pili, "na hii?" nikasema za mchu, kule juu karibu na mitende. Akaniangalia. "Mwanangu, mlilana na mchu wa juu wamekutana wapi hawa?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma na hapo ndo nikakutana na vegan.

Kumbe wale walichukua hesabu zangu mbichi wakazitia kwenye PCA, njia moja ya kuchora ramani ya ploti, moja kwa moja, na PCA kwa hesabu mbichi yapima umbali wa kawaida, ule wa rula. Kwa data ya mimea yenye sifuri nyingi rula hiyo hudanganya, na si siri, watu wa ikolojia washaandika sana juu ya huo mwezi mwandamo. Nataka muone kwa namba ndogo manake mie ndo palinifungua macho. Chukua ploti tatu. A ina mkoko 1 na muia 1. B ina mlilana 1 tu. C ina mkoko 4 na muia 4. Mtu yeyote wa hapa atakwambia A na C ni msitu mmoja, C umenenepa tu, na B ni mahali pengine kabisa. Rula inasema nini? A mpaka B ni 1.73. A mpaka C ni 4.24. Yani kwake ploti mbili zisizo na hata mti mmoja wa pamoja zinafanana zaidi kuliko mbili zenye miti ile ile! Sasa piga kwa Bray-Curtis, fomula iliyotoka kwenye kazi ya Bray na Curtis ya mwaka 1957 kwa misitu ya Wisconsin kule Marekani, wajumlisha tofauti zote wagawanya kwa jumla ya miti yote ya ploti mbili. A na B ni 3 kwa 3, sawa na 1, hapana kinachofanana. A na C ni 6 kwa 10, yani 0.6. Imeona alichokiona mzee.

Na kwenye vegan hiyo ni mstari mmoja, vegdist(jedwali, method = "bray"), na ukitaka kupima kwa njia nyingine wabadilisha neno hilo moja tu. Ukipenda PCA bado, wapitisha data kwanza kwa decostand na "hellinger" halafu rda, inakuwa na adabu zaidi. Hapa naipa pakeji alama zote. Ukiandika method mwenyewe wajua wazi unapima nini.

Isipokuwa pahali pamoja, na hili lisikieni. Fankisheni ya metaMDS, ile inayochora ramani ya ploti, ukiipa jedwali lenye namba kubwa yenyewe huzitia kipeuo cha pili na kuzisawazisha kabla ya kuanza. Inaandika kwenye skrini, haifichi, lakini mtu mgeni hasomi yale maandishi. Kama ushazibadilisha data mwenyewe basi andika autotransform = FALSE. Mie nilikuwa na ploti yenye miche ya mkoko mamia, nikatia kipeuo cha pili mwenyewe ili miche isimeze miti yote, na kumbe metaMDS nayo inazisawazisha tena juu yake. Siku mbili zilipotea hapo.

Ukiacha hilo, metaMDS ndo roho ya pakeji. Inajaribu mara nyingi kutoka mianzo ya kubahatisha, waona Run 1, Run 2, na kila moja stresi yake, mpaka jibu bora lijirudie. Stresi ni kiasi gani ramani ya pande mbili imelazimika kuupinda ukweli. Mwongozo wa mwanaikolojia Clarke wa 1993 ndo watu wanaotumia, chini ya 0.1 nzuri, chini ya 0.2 yafaa kwa uangalifu, ikifika 0.3 hiyo ramani ni kama umetupa mbegu chini. Yangu ilikuja 0.13. Ikikwambia jibu bora halikujirudia ongeza trymax hadi 100, na andika set.seed mwanzo ili kesho upate ramani ile ile, la sivyo supavaiza atakuuliza mbona picha imegeuka juu chini. Mhimili kugeuka hauna neno lakini maswali yake yana.

Halafu kuna ploti mbili ambazo nilikuwa nazo na wale wa mjini walizifuta bila kuniambia. Nilizikosa kwenye PDF yao, nukta ziko 34. Ni ploti za upande unaokatwa, hazina mti hata mmoja uliosimama, visiki vitupu, visiki 31 kwenye moja na nilivihesabu mwenyewe kwa mkono. Kwa kompyuta hiyo ni safu ya sifuri tupu na Bray-Curtis haiwezi kugawanya kwa sifuri. vegan nayo ikagoma lakini ikasema: kuna safu tupu, tofauti zake huenda hazina maana. Wallahi hilo onyo nililipenda. Manake zile ndo ploti nilizoendea! Msitu uliokatwa wote ndo habari yenyewe, sasa ukiufuta kwa sababu hauna miti umebaki na utafiti wa nini?

Dawa iko na si ngumu. Clarke, Somerfield na Chapman mwaka 2006 walipendekeza uongeze aina moja ya bandia yenye namba 1 kila ploti, hapo ploti mbili tupu zinafanana zenyewe kwa zenyewe na hesabu inapita. vegan haikufanyii hilo kwenye vegdist, unaongeza nguzo yako mwenyewe, sekunde tano. Mie juu ya hiyo nikatia na visiki kama nguzo zake, manake ploti kuwa tupu peke yake haikwambii shoka. Kule Mwache, mkono mwingine wa bahari karibu na Mombasa, mikoko mingi ilikufa na udongo ulioletwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998, hapakuwa na mkataji. Kisiki ndo kinasema nani alifanya.

Mzee naye alinipa wazo lingine ambalo hakuna kitabu kingenipa. Alisema mchu wa chini na mchu wa juu ni mchu mmoja kwa jina lakini ule wa juu mdogo tu, mfupi, kwa nini nauandika pamoja? Na kweli mchu pwani yetu wakaa pahali pawili, karibu na bahari na tena juu kwenye chumvi kali. Sikuweza kuugawa kwa mahali, manake mahali ndo ninachotaka kukipima, ningekuwa najijibu mwenyewe. Nikaugawa kwa unene, kwa majina ya watu wa miti wenyewe, fito, pau, boriti. Jedwali likawa na mkoko fito, mkoko pau, mkoko boriti na kuendelea. Nguzo zikaongezeka, vegan haikushtuka, na ramani mpya ikatoka imenyooka kutoka majini mpaka juu, na pembeni yake upande unaokatwa umejitenga, umebaki na fito peke yake, boriti hakuna.

Kwa mambo ya mazingira, yani chumvi, urefu wa ardhi, maji yafika mara ngapi kwa mwezi, kuna envfit inayochora mishale. Nzuri lakini mshale ni mstari ulionyooka na chumvi kwenye mikoko hainyooki. Tumia ordisurf, inachora mistari ya usawa kama ramani ya milima. Nitasema hivyo tu, jaribuni.

Sasa nije kwenye p, manake hapo ndo wengi wanapoliwa.

Fankisheni ni adonis2, ndo PERMANOVA ya Anderson ya 2001. Inachukua zile tofauti, inauliza makundi yako yanaeleza kiasi gani, halafu inachanganya lebo za ploti mara 999 kuona kama bahati tupu ingeweza kufanya vile. Kwa mara 999 p ndogo kabisa inayowezekana ni 0.001, kwa hivyo mtu akikuletea 0.000 muulize ameitoa wapi. Na mambo mawili usiyaruke. Kwanza endesha betadisper kabla, manake adonis2 inaweza kukupa p ndogo kwa sababu kundi moja limetawanyika zaidi, si kwa sababu miti ni tofauti. Pili kama una vigezo viwili na zaidi andika mwenyewe by = "terms" au by = "margin", ukitumia "terms" kile unachokitanguliza ndo kinakula kwanza na majibu yanabadilika ukigeuza mpangilio.

Mie nikaendesha upande unaokatwa dhidi ya unaolindwa, 0.001. Nikaruka. Supavaiza akaniuliza swali moja, ulichanganya ploti au transekti? Ploti. Akasema ploti 6 za transekti moja ni ndugu, zimepangana kwenye mstari mmoja na mkataji akiingia anapita zote, kilichokatwa au kulindwa ni transekti nzima, basi changanya transekti. Pakeji ya permute inakuja pamoja na vegan na yaweza hiyo kazi, wamwambia how kwamba transekti zihame nzima nzima na ndani ya transekti kitu kisiguswe. Nikaandika. Ikarudi 0.1.

Nikadhani nimekosea kuandika. Nikarudia usiku kucha, 0.1. Mpaka nikakaa na kalamu. Transekti 6 ukizigawa makundi mawili ya tatu tatu kuna njia 20, na kila njia ina pacha wake uliogeuzwa, zabaki 10. Moja kwa 10 ni 0.1. Data yangu yenyewe, hata kama upande mmoja ungekuwa jangwa na mwingine msitu wa Mungu, haiwezi kushuka chini ya 0.1 kwa mpango ule. Miezi ya matope na hilo lilikuwa limeamuliwa siku ya kwanza tulipochora transekti tatu kila upande. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Lakini nikaiandika hivyo hivyo kwenye tasnifu, na nikaandika kwa nini, na ikapita.

Hiyo ndo sababu naipa vegan nyota 5 pamoja na shida zake. Nililipa elfu 12 nikapewa uhakika ambao haukuwepo, na kitu cha bure kikaniambia ukweli wa data yangu.

Na shida ziko. Picha zake za kawaida ni kavu, majina ya aina yanakaliana mpaka huoni mkoko wala mkandaa, utumie orditorp ambayo inaandika jina pale penye nafasi tu. Maelezo yote ni Kiingereza na mengine yameandikwa kwa watu wanaojua tayari. Mifano ya ndani ni ya mbali, dune ni majani ya matuta ya mchanga ya Uholanzi, ploti 20 aina 30, varespec ni ploti 24 za Finland, BCI ni hekta 50 za msitu wa Panama zenye aina 225 za miti. Anzeni na dune, ni ndogo, waweza kuifuata kwa macho. Na kama hujawahi kuandika amri hata moja wiki mbili za kwanza utataka kulia, koma moja ikikosekana kila kitu chasimama. Aliyeshindwa kabisa kuna PAST, nayo ya bure, ya kubonyeza, inafanya Bray-Curtis na NMDS, yani ramani kama ile ya metaMDS, na kwa kazi ya darasani yatosha. PRIMER ni nzuri sana lakini ni ya kulipia, na mie sikuwa na hiyo pesa.

Amri zangu zote nimezihifadhi faili moja, mistari sitini na kitu, anayetaka nampa bure na jedwali langu ajaribie. Atabadilisha majina tu.

Na kuhusu ile 0.1, sijatulia nayo. Nimepiga hesabu, transekti 4 kila upande zinatoa njia 70, ukitoa mapacha 35, na moja kwa 35 ni 0.029 hivi. Kwa hivyo ni mbili tu zimebaki, moja huku moja kule. Mahali nshapapigia kura kwenye ramani ili nisichague kwa macho, bamvua lijalo twatoka alfajiri, mzee ashasema mtumbwi uko.